Kubadilisha Nyaya za Mkono wa Mashine ya Santuri

Ndani ya mkono wa mashine ya santuri mna nyaya nne, kila moja nene kuliko unywele kidogo tu. Mbili hubeba sauti ya upande wa kulia, mbili ya upande wa kushoto. Umeme unaopita humo ni mdogo mno. Katriji ya kawaida, ambayo sumaku yake hutikisika karibu na koili, hutoa milivolti 3 hadi 5; ile ambayo koili zenyewe ndizo zinazotikisika hutoa nusu milivolti au chini ya hapo. Hatua ya kwanza ya amplifaya hulazimika kuukuza umeme huo mara mia hivi kabla haujafaa kwa lolote. Ndiyo maana kasoro ambayo isingejulikana kabisa kwenye waya wa taa, hapa husikika chumba kizima.

Nyaya hizi huchoka. Kila sahani inapopigwa, mkono husafiri kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, na pale kwenye egemeo nyaya hujikunja na kujikunjua. Baada ya miaka mingi nyuzi za shaba hukatika mojamoja ndani ya ganda, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Mahali pengine panapokufa mapema ni kichwani: vibanio vidogo vinavyovalishwa kwenye pini za katriji huvutwa kila katriji inapobadilishwa, hadi kiungo cha risasi kinaachia. Dalili ni spika moja kunyamaza, kurudi mkono unapoguswa, kisha kunyamaza tena, au mvumo mzito unaobadilika kidole kinapogusa chuma cha mkono.

Dalili hizo peke yake hazitoshi kuhukumu nyaya. Spika inaweza kunyamaza kwa sababu ya amplifaya, katriji, plagi au kutu kwenye pini, na ni kosa kubwa kuufungua mkono mzima kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Njia ya kujua ni kubadilishana pande. Kwanza plagi mbili zinazoingia kwenye amplifaya hubadilishwa, ya kulia ikaingia kushoto na ya kushoto kulia. Ikiwa spika ileile inaendelea kunyamaza, tatizo liko kwenye amplifaya au mbele yake, na mkono hauna kosa. Ikiwa unyamavu umehamia spika ya pili, tatizo liko kwenye mashine. Plagi zikisharudishwa mahali pake, hatua ya pili hufanywa kichwani: waya mwekundu na wa kijani hupelekwa kwenye pini za kushoto, mweupe na wa bluu kwenye pini za kulia. Unyamavu ukihama, katriji ndiyo mbovu. Usipohama, kosa liko kati ya kichwa na plagi.

Hata hapo bado kuna jambo moja la kufanya kabla ya kushika bisibisi. Kwenye mikono ambayo kichwa chake hutoka, kama ule wa Technics SL-1200, umeme hupita katika pini nne zenye springi zinazogusana na kichwa. Pini hizo hushika ukungu na uchafu. Pamba iliyoloweshwa spiriti safi ikipitishwa juu yake, na upande wa nyuma wa kichwa ukasuguliwa vilevile, mara nyingi sauti hurudi siku hiyohiyo. Pini iliyozama na kukataa kurudi hubonyezwa taratibu mara kadhaa hadi springi yake ilegee.

Vipimo vya multimita hufuata baada ya usafi, kwa sharti moja lisilo na msamaha: katriji iondolewe kwanza. Multimita inapopima ukinzani husukuma umeme wake yenyewe, na umeme huo ukipita kwenye koili za katriji, hasa zile nyembamba za katriji ya koili inayotikisika, unaweza kuiharibu. Katriji ikishawekwa kando pamoja na kifuniko cha sindano yake, ncha moja ya multimita hushika kibanio cha kichwani na ya pili hushika plagi. Waya mzima husoma omu moja au mbili, na usomaji hautikisiki mkono unapozungushwa polepole kutoka ukingoni hadi katikati. Namba inayorukaruka mkono unapofika mahali fulani ndiyo picha halisi ya waya uliokatika ndani ya ganda.

Swali linalofuata ni waya gani wa kununua, na hapa watu wengi hupoteza pesa. Waya wa fedha huuzwa kwa bei ya juu ukisifiwa kwamba utafungua sauti. Hesabu yake ni hii: waya wa shaba wa sentimita 40, wenye kipenyo cha milimita 0.18, una ukinzani unaozidi robo ya omu kidogo. Fedha hupunguza ukinzani huo kwa asilimia 5 au 6, yaani kama sehemu 15 kati ya elfu moja za omu. Kwa upande wa pili, amplifaya ya katriji ya sumaku huupokea umeme huo kwa ukinzani wa omu 47,000. Tofauti ya fedha na shaba humezwa humo bila kuacha alama. Shaba nzuri inatosha, na pesa iliyobaki inunue sindano mpya.

Kinachotofautisha waya mzuri na mbaya katika kazi hii ni ulegevu. Waya unaofaa una kipenyo cha milimita 0.13 hadi 0.18, umesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na ganda lake ni laini. Jaribio la haraka ni kushika kipande cha sentimita 10 kwa ncha moja na kukiacha kining'inie: kinapaswa kuanguka kama uzi wa kushonea. Kikisimama wima kama mfagio, hakifai hata kama kimetengenezwa kwa dhahabu. Rangi nazo zina maana maalumu. Mwekundu ni wa kwenda upande wa kulia, wa kijani ni wa kurudi upande huo. Mweupe ni wa kwenda upande wa kushoto, wa bluu ni wa kurudi. Ni vizuri kununua waya wenye rangi hizo nne, kwa kuwa nyaya nne za rangi moja ndani ya bomba moja huzaa makosa yanayochosha kuyatafuta.

Vifaa vingine ni chuma cha kulehemu cha wati 15 hadi 25 chenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu yenye flaksi ndani, kibano cha ncha kali, bisibisi ndogo za saa, kioo cha kukuzia, mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto, na uzi wa nailoni kama ule wa mshipi wa kuvulia samaki. Risasi ya mchanganyiko wa bati 63 kwa risasi 37 ni rahisi kuitumia kuliko zote, kwa sababu huyeyuka kwa nyuzi 183 na kuganda mara moja bila kupita hali ya uji. Moshi wake usivutwe, na mikono ioshwe kabla ya kula. Meza itandikwe kitambaa cheupe. Skrubu za mkono wa santuri ni ndogo kuliko punje ya mchele na kwenye zulia hazipatikani tena.

Kazi ya kufungua huanza kwa kuchomoa waya wa umeme ukutani. Kichwa huondolewa, uzito wa nyuma hufunguliwa na kuwekwa pembeni, kisha sahani ya chuma inayozunguka hutolewa. Kwenye SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, sahani hiyo ina sumaku kubwa ya mota chini yake, kwa hiyo hulazwa sumaku ikitazama juu, mbali na vumbi la chuma na skrubu zilizotapakaa. Mkono hufungwa kwenye kishikio chake, mashine hugeuzwa juu ya godoro au matakia mawili, na kifuniko cha chini hufunguliwa. Chini ya mkono huonekana bodi ndogo ya saketi: upande mmoja nyaya nyembamba za mkono, upande mwingine kebo nene inayokwenda kwenye amplifaya. Picha ya simu ipigwe hapo kabla ya lolote, kwa karibu na kwa mwanga wa kutosha. Kumbukumbu ya kichwa hupotea baada ya saa moja ya kuinama, picha hubaki.

Nyaya za zamani zisivutwe zikatoka. Hizo ndizo zitakazovuta mpya. Viungo vya chini huyeyushwa na kuachiwa kwanza. Kisha soketi ya kichwani, ambayo kwenye mikono mingi hushikwa na pini moja au skrubu moja ndogo, huvutwa nje taratibu pamoja na mikia ya nyaya. Uzi wa nailoni hufungwa kwenye ncha za chini za nyaya za zamani, kisha nyaya hizo huvutwa kupitia kichwani hadi zimalizike zote, na uzi unabaki ndani ya bomba kuanzia egemeo hadi mbele. Mkono wa SL-1200 una umbo la herufi S, na bila uzi huo kupitisha nyaya kwenye mapindo yake ni kazi ya kukatisha tamaa. Kwenye mkono ulionyooka uzi si wa lazima, ila bado hurahisisha.

Nyaya mpya hukatwa kwa urefu wa sentimita 40 hivi ikiwa zitaishia kwenye bodi ya chini. Wapo wanaopendelea waya mmoja usiokatwa kutoka kichwani hadi kwenye plagi, na hapo huhitajika mita moja na robo au zaidi. Njia hiyo hupunguza viungo, lakini huleta waya usio na kinga katika sehemu ndefu ya nje, nao hukamata mvumo kama antena. Kwa mashine iliyo sebuleni karibu na televisheni na ruta ya intaneti, kuishia kwenye bodi na kutumia kebo yenye kinga ni uamuzi salama zaidi. Nyaya husokotwa kwa vidole, mwekundu na wa kijani pamoja, mweupe na wa bluu pamoja, msokoto mmoja kwa kila sentimita au zaidi. Drili isitumike: hukaza mno, na waya uliokazwa hugeuka springi.

Sasa kulehemu. Nyuzi nyingi za aina hii zimepakwa vanishi mojamoja, na vanishi hiyo haipitishi umeme. Kuikwangua kwa wembe hukata nyuzi. Njia sahihi ni kuweka tone la risasi kwenye ncha ya chuma kilichopashwa hadi nyuzi 380 au 400 na kuichovya ncha ya waya ndani ya tone hilo kwa sekunde mbili au tatu. Kwanza hakuna kinachotokea. Halafu moshi mdogo hutoka, vanishi hujikunja na kurudi nyuma, na milimita mbili za waya huvaa rangi ya fedha inayong'aa. Ncha iliyobaki na weusi haijashika na irudiwe. Kila ncha hupimwa kwa multimita kabla haijaungwa popote, kwa kuwa waya ambao nusu ya nyuzi zake zimeshika husoma vizuri leo na kufa mwakani.

Soketi ya kichwani ni ya plastiki, na pini zake huzama au kupinda joto likizidi. Kichwa cha zamani kisichotumika huingizwa kwenye soketi wakati wa kulehemu: hushikilia pini zikae sawa na hunyonya joto la ziada. Chuma huguswa kwa sekunde moja, mbili ikizidi sana, kisha kiungo huachwa kipoe kabla ya pini inayofuata. Kipande cha mpira wa kusinyaa huvalishwa kila waya kabla ya kuunga; kukikumbuka baada ya kuunga maana yake ni kuunga upya. Kwa mikono ambayo nyaya huishia moja kwa moja kwenye vibanio vya katriji, vibanio hivyo huungwa vikiwa peke yake mezani, na kamwe si vikiwa vimevalishwa kwenye pini za katriji. Joto la kulehemu likipita kwenye pini linaweza kuikata koili iliyo ndani, na hapo katriji haina dawa.

Nyaya zikishafungwa kwenye uzi na kuvutwa hadi kwenye egemeo, inabaki sentimita chache ambazo ndizo zinazoamua kama kazi nzima imefaulu: kitanzi cha waya pale mkono unapogeukia. Sindano hukandamiza sahani kwa gramu moja na nusu hadi mbili kwenye katriji nyingi. Waya mgumu au uliovutwa sana kwenye egemeo husukuma mkono kwa sehemu ya kumi ya gramu au zaidi, upande mmoja karibu na ukingo na upande wa pili karibu na lebo, na sindano hulalia ukuta mmoja wa mfereji. Sauti hukwaruza kwenye herufi za "s", hasa nyimbo za mwisho za sahani, na mwenye mashine hulaumu katriji au sahani yenyewe. Kitanzi kizuri kina upinde mpana, hakigusi kingo za chuma, na hakinyooki hata mkono unapofika mwisho wa safari yake. Urefu wa ziada wa sentimita mbili au tatu unatosha. Zaidi ya hapo waya huanza kusugua kuta.

Jaribio la kitanzi hufanywa kabla ya kulehemu chini, nyaya zikiwa zimeshikwa na utepe wa karatasi wenye gundi tu. Kichwa na katriji hurudishwa, uzito wa nyuma husogezwa hadi mkono uelee sawasawa hewani, na kirekebishi cha mvuto wa kando huwekwa kwenye sifuri. Mashine lazima iwe imesawazishwa kwa pima-maji. Kisha mkono hupulizwa kidogo kwa mdomo. Mkono ulio huru huenda ulikosukumwa na kukaa hapo, popote pale. Ukirudi wenyewe mahali fulani kila mara, kama mlango wenye springi, waya ndiyo springi hiyo: kitanzi kipanuliwe, kigeuzwe pembe au nyaya zisokotwe kwa ulegevu zaidi, na jaribio lirudiwe hadi mkono utulie. Hatua hii inaweza kuchukua saa nzima, na hakuna saa inayotumika vizuri zaidi katika kazi yote.

Baada ya hapo ncha za chini huungwa kwenye bodi kwa kufuata picha, na waya wa ethi hurudishwa. Ethi ndiyo inayounganisha chuma cha mkono na kasha la amplifaya, nayo haibebi muziki wowote. Umuhimu wake unatokana na jinsi sahani zinavyorekodiwa: sauti nzito hupunguzwa wakati wa kukata sahani, na amplifaya huirudisha kwa kuikuza zaidi. Katika kiwango cha RIAA kinachofuatwa tangu miaka ya 1950, mtetemo wa hezi 50 hukuzwa mara saba hivi kuliko ule wa hezi 1,000. Hezi 50 ndiyo mtetemo wa umeme wa nyumbani Afrika Mashariki. Mvumo mdogo unaokamatwa na mkono usio na ethi hukuta mlango uliofunguliwa mahsusi kwa ajili yake. Baadhi ya watengenezaji, Rega ya Uingereza akiwa mmojawapo, hawatoi waya wa ethi wa peke yake; bomba la mkono limeungwa na mojawapo ya nyaya za kurudi. Kwenye mashine ya namna hiyo muungano wa zamani ufuatwe ulivyo, maana kuongeza ethi ya pili kunaweza kuleta mvumo badala ya kuuondoa.

Kebo inayotoka kwenye mashine nayo ihesabiwe ikiwa inabadilishwa. Kila mita huongeza kapasitansi, na katriji za sumaku zina kiwango chake kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, mara nyingi kati ya pikofaradi 100 na 300 kwa jumla, pamoja na ile ya amplifaya. Kebo fupi yenye kapasitansi ndogo ni bora kuliko ndefu ya bei ghali.

Kabla ya kufunga, katriji huondolewa tena na vipimo hurudiwa vyote. Kila waya kutoka kichwani hadi plagi usome omu mbili au pungufu. Pini ya katikati ya plagi ikutane na mwekundu au mweupe. Kola ya nje na wa kijani au wa bluu. Kati ya waya na waya kusiwe na muungano, vinginevyo kuna shoti mahali fulani. Bomba la mkono lisome muungano na ethi tu, isipokuwa kwa zile mashine zilizotajwa. Mkono uzungushwe wakati wa kila kipimo.

Sindano hupangwa upya, kwa sababu kila kichwa kinapofunguliwa katriji husogea. Kwenye SL-1200 ncha ya sindano hukaa milimita 52 kutoka pale kichwa kinapokutana na kola ya mkono. Kwa mashine nyingine hutumika kiolezo cha karatasi. Mkandamizo hupimwa kwa mizani ndogo ya gramu, kwani namba za uzito wa nyuma ni makadirio.

Sahani ya kwanza kupigwa iwe ya mono na isiwe ya thamani. Sahani ndogo za kasi ya 45 zilizotoka Nairobi na Mombasa miaka ya 1960 zinafaa sana, nyingi zikiwa za mono. Sauti ya mwimbaji inapaswa kusimama katikati kabisa ya spika mbili. Ikiwa imetawanyika haina mahali, na besi imepungua, waya wa kwenda na wa kurudi umegeuzwa upande mmoja, na kosa hilo husahihishwa kwa kubadilishana vibanio viwili tu kichwani. Sahani za kasi ya 78, kama zile ambazo Siti binti Saad alizirekodi Bombay mwaka 1928, zisitumike kwa jaribio hili: mfereji wake ni mpana na huhitaji sindano yake ya peke yake, na sindano ya kawaida hukwangua chini ya mfereji huo.

Nyaya za zamani ziwekwe kwenye bahasha pamoja na skrubu zozote zilizobaki na picha iliyochapishwa ya bodi, na bahasha ibandikwe chini ya mashine. Fundi atakayeifungua baadaye ataihitaji.